Niachie Mstari Mmoja

11 Februari 1990

Dada yangu,

Salamu kwanza, maneno baadaye. Si ndivyo ulivyonilea? Basi nakusalimu wewe, namsalimu kaka, namsalimu wifi hata kama wiki hii mmenuniana, nawasalimu ng'ombe wote na hasa Bibi Harusi. Mimi ni mzima. Nakula, nalala, na asubuhi naamka kabla ya kengele. Ungeniona ungeshika mbavu, wewe uliyekuwa ukinimwagia maji usoni ndipo nifumbue jicho.

Kazi nimeizoea. Kiwandani kila mtu ana kipande chake, na mimi nimepewa kola. Mikono ya shati inashonwa na watu wa nyuma yangu, vifungo vinatiwa chumba kingine kabisa. Tangu nifike sijaona shati zima. Nikifumba macho naona kola zinakuja tu, na hakuna shingo hata moja. Bwenini tuko wanane. Mimi nalala kitanda cha juu, karibu na dirisha lisilofunguka, na chini yangu analala msichana mpole tunayemwita Sindano kwa wembamba wake. Yeye ni mkongwe hapa, mkataba wake unaisha katikati ya mwaka huu.

Jumapili wasichana wanakaa ukutani juani, wanasukana. Juzi Sindano aliniita nikae anisuke, nikamwambia kichwa kinaniuma. Hakikuwa kinaniuma. Nilikumbuka siku ile ya safari yangu, wewe umekaa chini kati ya magoti yangu tangu mchana, na kila nikikuambia umebaki mstari mmoja, wewe unasema huo umekwenda kombo, fumua, rudia. Dada, hakuna uliokwenda kombo. Ulikuwa unavuta muda, na mimi nilikuwa nakuacha uvute. Gari lilipopiga honi nikamalizia mbio mbio, ukasimama, ukajishika kichwa ukasema hakitaguswa na mtu mpaka nirudi. Tukacheka wote.

Natumaini ulikuwa unatania. Mkataba wangu ni mpaka Desemba ya mwakani, nywele hizo zitaota uyoga.

Nimekukumbuka mpaka inaudhi.

Mdogo wako,
Chiriku

*

6 Machi 1990

Chiriku,

Barua yako imefika imelowa pembeni, lakini maneno yako hata yatiwe majini hayazami. Kaka aliisoma kwa sauti mezani, kisha nikaichukua nikaisoma mwenyewe, maana yeye husoma kama anapigilia misumari.

Huku hatujambo. Kaka bado na mbao zake, anakohoa vumbi na hataki kufunga kitambaa puani. Wifi yako anasuka watu barazani kuanzia asubuhi, na habari za mtaa mzima zinapita dirishani kwangu hata nisipozitaka. Bibi Harusi amezaa, jike, lina doa jeupe usoni. Tangu azae hataki kukamuliwa na mtu mwingine. Mwenye ng'ombe alijaribu, akapigwa teke ndoo ikaenda na maji. Mimi nikikaa nikamwegemezea kichwa ubavuni, anatulia. Watu wanasema namnong'oneza. Simnong'onezi lolote, mimi ndiye ninayesikiliza. Sikio likiwa pale, tumbo lake linavuma kama nyumba ya jirani wanaohamisha vyombo, na mimi hufumba macho nikakamua hivyo hivyo mpaka ndoo ijae.

Kupe mwaka huu wamezidi. Dawa ya josho haijaletwa, mwenye ng'ombe anasema kesho, na kesho ya mtu huyu unaijua. Kila asubuhi tunawachambua kwa vidole kwanza ndipo tukamue.

Kuhusu kichwa, sikutania. Kiko kama ulivyokiacha. Naosha juu juu, nafunga kitambaa, nakwenda zangu. Wifi amechukia. Anasema mimi ni tangazo baya, msusi mzima anaishi nyumba moja na kichwa kama hiki, wateja watamwelewaje. Mkono wake si mbaya, ila una haraka, nao si wako. Wewe usijitese, mwache huyo Sindano akusuke. Wewe hukuapa kitu.

Wenzako huko likizo hupewa lini?

Nina homa kidogo wiki hii. Ni malaria, nimeshameza dawa. Usiniandikie kurasa nne kwa ajili hiyo.

Dada yako

*

2 Aprili 1990

Dada,

Nimeandika kurasa nne, nikazichana, hii ni ya pili. Hongera ya ndama. Pole ya homa. Pole ya kaka na kikohozi, na pole ya wifi, ambaye mimi leo namtetea: mtu akuombe kukusuka bure, wewe ukatae kwa sababu ya mdogo wako aliye ng'ambo huko! Watu wakisikia watasema tumerogwa.

Malaria gani hiyo uliyoiandika mwishoni kabisa, chini ya kupe, chini ya ng'ombe? Nakujua. Jambo likiwa dogo unaliweka juu, likiwa kubwa unalifukia. Mama alipokuwa anaumwa uliniambia amechoka na jua. Nilikuwa mdogo nikaamini. Sasa niambie, umepima? Unakula?

Hapa wametuongezea kasi. Kola ya wanaume sasa ina bitana nene, sindano zinakatika, na msimamizi akisikia mlio wa sindano kukatika anageuka kabla yako. Likizo hawajatutangazia bado. Tuyaache hayo.

Nimekubali kusukwa. Sindano alinisuka Jumapili, akanivuta mpaka macho yakakaa upande. Nilipojiangalia kwenye kioo nililia, na yeye akadhani ni maumivu.

Jibu haraka, hata mstari mmoja.

Chiriku

*

13 Mei 1990

Dada,

Sijapata kitu. Kila mtu wa bwenini ameshapata barua, hata yule ambaye kwao hawajui kuandika amepata picha. Kimya kingi kina mshindo, nami nausikia huo mshindo kuliko mashine zote za humu ndani.

Kama umenikasirikia kwa kusukwa, nikasirikie kwa maandishi.

Chiriku

*

20 Mei 1990

Chiriku wangu,

Usishtuke kwa mwandiko, mkono ni wa wifi, maneno ni yangu. Vidole vyangu vimechoka kwa kukamua. Salamu zote zichukue kama zilivyo, sina nguvu ya kuzipanga.

Sote tupo. Ndama anakua. Kaka ametengeneza kabati la mwalimu mmoja, mlango haufungi, wanagombana. Mvua ilikuja ikakaa. Nilikwenda hospitali kubwa ya mjini mara mbili kupimwa, wamenichukua damu, watu wazuri sana, shuka zao safi. Unajua mimi napenda shuka safi. Hakuna la kukutisha. Nimeambiwa nipumzike, nami napumzika.

Wewe shona kola zako. Siku ukirudi utanishonea blauzi yenye kola, nami nivae niende nayo bandani ng'ombe wanione.

Usilie kwa kusukwa. Sikukasirika hata kidogo.

Dada yako

Wifi yangu, kuanzia hapa ni mimi. Yeye amefumba macho, anadhani nakunja karatasi. Homa haijamwacha tangu Machi. Inashuka siku chache, inapanda tena. Akipata nafuu kidogo tu anatoroka kwenda kumkamua ng'ombe wake, anarudi, anaanguka upya. Amekonda mpaka pete imehama kidole. Tezi za shingo zimemvimba, ya nyuma ya sikio ni kubwa kama yai la njiwa. Bandama limevimba. Ukimshika mkono kwa nguvu kidogo panabaki alama nyeusi. Daktari wa hospitali kubwa amesema chembe nyeupe za damu zimepungua sana, na zile za kugandisha damu pia. Amemtoboa nyonga akachukua uboho, akakata na kipande cha tezi, kimepelekwa mbali kupimwa, majibu bado. Lakini alituita mimi na kaka yako chumbani akafunga mlango. Alisema kila anachokiona kinafanana na saratani ya damu, na mgonjwa hana muda wa kungoja majibu yote. Dawa ikifika ataanza kutiwa mshipani Jumatatu ya mwisho ya Juni. Ni dawa kali. Nywele zitatoka zote.

Nimemwomba nimfumue mapema, nimkate vizuri, zisimtoke vipande vipande. Amekataa. Amesema zikitaka kutoka zitoke zenyewe, ndani ya mistari yako, lakini mkono wa mtu hauingii. Mimi na yeye tumegombana mengi, wewe unajua, lakini hili lilinikata maini. Nilikwenda kulia jikoni.

Kama unaweza kuja, njoo. Hatamki, lakini kila gari likisimama nje anageuza shingo, na shingo yenyewe inamuuma.

*

12 Juni 1990

Dada yangu,

Wifi ameniambia. Usimgombeze, mimi ningemlaani kama angenyamaza. Leo sina salamu. Wasalimie wote wewe mwenyewe kwa niaba yangu.

Barua yenu niliisomea chooni, mahali pekee humu penye mlango. Nilirudi kwenye mashine nikashona kola kumi na zaidi upande wa ndani nje. Msimamizi alikuja kunigombeza, akaniangalia usoni, akaondoka.

Sasa nikuambie nilichokuwa nakificha, maana nawe umeficha chako. Uliniuliza likizo ni lini. Hakuna likizo. Siku tuliyofika tulikabidhi pasipoti, zikafungiwa kwenye kabati la chuma ofisini kwa msimamizi, na hazitoki mpaka mkataba uishe. Nilipopata barua nilikwenda nikamwomba. Si mtu mkatili, ana sheria zake tu. Alisema anaweza kumwachia mtu aende kwao kwa jambo moja: kifo, au mgonjwa wa kufa, tena awe wa tumbo moja, tena iletwe barua ya daktari yenye muhuri. Kaka aiombe hiyo barua. Aipeleke posta siku hiyo hiyo. Nikiipata, nitakuja hata kwa kusimama njia nzima.

Lakini barua zinakawia, na Jumatatu ya mwisho ya Juni haikawii. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Nimekaa hapa nashona shingo za wanaume nisiowajua, na yako siwezi kuishika. Kwa hiyo nakuomba jambo moja, na kwa sababu mkataba wa Sindano umeisha na anapita mji wenu, hii atakuletea yeye mkononi, wala usiseme hukuipata.

Kafumuliwe, Dada.

Nakufungulia hicho kiapo. Nilikusuka ili upendeze, sikukusuka ili ufungwe. Sitaki nywele nilizozishika mimi zikakutoke kwenye mto wa hospitali, zikafagiwe na mtu asiyekujua. Kaa barazani asubuhi, jua likiwa bado zuri, kati ya magoti ya wifi. Akienda haraka mwambie pole pole. Afumue mstari mmoja mmoja, achane, akupake mafuta kwa vidole, hasa nyuma ya masikio, unapopendaga. Fumba macho. Mkono utakuwa wake, lakini anayekufumua ni mimi.

Nakupenda. Hatujawahi kuambiana hivyo nyumbani, tulikuwa tunaambiana tumekula au bado. Basi mimi nakuambia.

Chiriku

*

9 Julai 1990

Chiriku,

Huu mwandiko ni wangu. Angalia vizuri, hautetemeki sana. Kaa chini kwanza ndipo usome, na kama uko chooni, kaa huko huko.

Sindano alifika Jumamosi, siku mbili kabla ya ile Jumatatu. Msichana wa watu hata maji hakunywa, alisema ulimwapisha kwamba akiweka barua hii mfukoni kwa siku moja zaidi ya lazima atakosa mume. Nilisoma. Sitakuambia nilifanya nini baada ya kusoma. Kaka alikimbia hospitali kumwahi daktari kabla hajatoka, akapata ile barua yenye muhuri, akaiwahisha posta.

Jumapili asubuhi nikamwambia wifi alete kichana. Alidhani nimeanza kuweweseka. Alitandika mkeka barazani, akafukuza wateja, nikakaa kama ulivyosema. Chiriku, yule mwanamke ana mkono mwepesi. Ninyi wawili mlijuaje hilo nami nisijue? Alifumua mbele akaja kati, akawa ananihadithia mambo ya mtaani, nami nimefumba macho nakuwaza wewe. Alipofika nyuma ya sikio la kulia akanyamaza. Wifi kunyamaza katikati ya habari ya mtu si jambo la kawaida, nikajua kuna kitu.

Alisema taratibu, "Wifi, kaa hivyo hivyo. Una kupe."

Alikuwa ameng'ang'ania chini ya mstari, amejaa damu, mnene kama mbegu ya mbono. Pembeni yake palikuwa na kigaga cheusi, kikavu, ukubwa wa ukucha, na juu kidogo kigaga kingine cha zamani kinachotaka kubanduka. Miezi yote hiyo, daktari alikuwa akinishika tezi za shingoni, mimi napandisha kitambaa kidogo tu, basi, sikumruhusu kukivua. Aliniomba mara moja kwa adabu nikamwambia hapana, na yeye kwa adabu akaacha. Sikio hilo ndilo ninaloegemeza kwa Bibi Harusi. Ng'ombe alikuwa ananipa kupe wake, nami nawafunga kitambaa nakwenda nao nyumbani.

Wifi alimng'oa kwa kibanio cha nyusi, akamtia kwenye kopo la mafuta ya nywele, akafunga kifuniko. Jumatatu tukaenda. Dawa yenyewe ilikuwa imeshatundikwa kwenye chuma chake karibu na kitanda, nyekundu, inaogopesha. Wifi hakusalimia. Akamwekea daktari kopo mezani, akanishika kichwa akakiinamisha, akamwonyesha.

Daktari alitazama vigaga, akatazama ndani ya kopo, akaniuliza kazi yangu. Nikamwambia ni ile ile niliyomwambia siku ya kwanza, ya maziwa. Akaniuliza, nayapata wapi hayo maziwa. Nikamweleza jinsi ninavyokamua. Akavuta kiti akakaa mbele yangu, akasema homa ya kupe ikimkaa mtu, tena akaumwa upya kabla hajapona, chembe za damu hushuka, tezi huvimba, bandama huvimba, na ukiangalia kwa haraka hutofautishi na saratani ya damu. Akasema anaweza kuwa amekosea zamani na anaweza kuwa anakosea sasa, kwa hiyo tutafanya hivi: ile nyekundu isubiri wiki moja, kwanza nimeze vidonge vya kawaida kabisa, vya kuua vijidudu. Akawaita wenzake kuja kuona nyuma ya sikio langu. Nimekuwa maarufu kwa kitu cha ajabu.

Siku ya tatu niliamka shuka ni kavu. Sikuamini, nikajishika paji la uso, nikamwita wifi ajishike la kwake kisha ashike langu. Homa haijarudi. Tezi zinanywea. Damu wamepima tena, inapanda. Juzi yakaja majibu ya kile kipande cha tezi: hakuna saratani. Daktari alinisomea mwenyewe, akasoma mara mbili. Kaka alitoka nje akaenda kukohoa, alivyodai.

Kwa hiyo sifi, Chiriku. Si mwaka huu.

Sasa nikuambie lililonikaa rohoni, maana umesema tuache kuficha. Barua yenye muhuri iko njiani, imeandikwa mgonjwa wa kufa, nayo siku ilipoandikwa ilikuwa kweli. Leo ni uongo. Nikilala nakuwa sijui niombe ifike au ipotee. Nilipoambiwa nimepona nilifurahi, haki ya Mungu nilifurahi, halafu furaha ikafika mahali ikasimama, nikajua imesimama wapi. Kufa kwangu ndiko kulikuwa kunakuleta. Daktari aliuliza kama aandike barua nyingine ya kusema nimepona. Nikamwambia karatasi za hospitali ni chache, asizichezee.

Fanya utakavyoona. Mimi nitakupokea kwa vyovyote, hata ukija kunizika ukanikuta nakamua.

Dada yako

*

4 Agosti 1990

Dada,

Leo ni Jumamosi, siku ambayo ningesafiri.

Barua ya daktari ilifika Jumatatu. Nilimpelekea msimamizi, akaisoma, akatoa funguo, akafungua kabati. Pasipoti yangu aliiweka mezani mbele yangu, nikaiona picha yangu, na hizo nywele nilizosukwa na wewe siku ile ya picha. Akasema nitapewa mchana wa Ijumaa na tiketi, nipange mizigo. Nilipanga. Wasichana walinipa vitu vya kukuletea, mmoja sabuni, mwingine kitambaa cha kichwa. Niliwaza kutwa nitakavyoingia nyumbani, kama utakuwa unajua mtu.

Alhamisi ikafika yako.

Niliisoma nikapiga kelele mpaka mashine zikasimama. Nilicheka, nikamkumbatia mtu wa vifungo ambaye hata sijui lugha yake. Umepona. Dada yangu umepona. Nilikaa na hilo mpaka jioni. Jioni ndipo nikakumbuka mzigo wangu uko chini ya kitanda umefungwa.

Nisikufiche, niliamua kuja. Nilijiambia barua ina muhuri, mimi sikuiandika, na msimamizi hawezi kusoma yako. Usiku mzima nilijifundisha la kusema. Ijumaa nikaingia ofisini. Yeye kashika pasipoti mkononi, tayari kunipa, na kwa wema tu, maana nimeshakuambia si mkatili, akaniuliza, "Hali ya dada yako vipi sasa?"

Uongo mwingine wowote ningeusema. Ningesema nyumba imeungua, ningesema mimi mwenyewe nina ukoma. Lakini tangu Juni nilikuwa naogopa sentensi moja tu. Nilikuwa nikiisikia inakuja naimba ili nisiisikie, nashona haraka ili isinipate. Na sasa alikuwa ananitaka niitamke kwa mdomo wangu, wewe ukiwa mzima, umekaa huko na kichwa chako wazi. Nilifungua mdomo. Nikaona kama nikiitamka, ile homa itanisikia ilipo, itakurudia.

Nikamwambia, "Amepona."

Alisema, "Alhamdulillah, jambo jema." Akaitia pasipoti kabatini, akafunga.

Ndiyo hivyo. Nimefungua mzigo, nimerudisha sabuni na kitambaa, wote wamekataa kuvipokea. Leo nimeshona kola za watoto, ndogo hizi, zinapendeza. Nitarudi Desemba ya mwakani. Nihesabu mzima, nami nikuhesabu mzima. Usinicheke kwa nilichofanya, na usinisifu. Nakuonea hamu mpaka meno yananiuma.

Mkamue Bibi Harusi, lakini josho kwanza. Mwenye ng'ombe akisema kesho, mwonyeshe kopo. Kila jioni wifi akukague kichwa, huo ndio uwe utani wenu sasa. Na umwache akusuke. Kweli imetoka moyoni, sioni wivu. Naona kidogo.

Mwambie aniachie mstari mmoja. Mmoja tu asiusuke, nitaumalizia mimi.

Chiriku

*

1 Septemba 1990

Chiriku,

Salamu za huku ni kwamba wote wazima na mwenye ng'ombe ameleta dawa ya josho. Nilimwekea kopo kwenye meza wakati anakula.

Barua yako nimeisoma peke yangu, kaka nimemwambia imeandika hujambo. Sikucheka. Sikusifu pia, umekataza. Ila mwanamke aliyekulea amekaa kitini akajiona amefanya kazi.

Bibi Harusi nimemrudia. Siku ya kwanza aligeuza shingo akaninusa kichwa chote, akapumua, akasimama vizuri. Sasa namwegemezea paji la uso, sikio simpi tena.

Wifi amenisuka jana. Pole pole, kutwa nzima, na mara mbili nilimwambia mstari umekwenda kombo, rudia. Alirudia bila kuuliza. Nadhani anaelewa.

Ameacha mmoja. Uko nyuma ya sikio la kulia, pale pale. Nywele zake zimesimama kama zinaitwa na mtu, wateja wanauliza kama wifi alipungukiwa na muda. Yeye anawajibu kwamba mwenyewe hajafika.

Dada yako